Swali la lugha: Je, "kuchimba uchafu juu ya mtu" ni Kiswahili?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfasiri wa habari za kimataifa. Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, usemi wa Kiingereza "dig up dirt on someone" hujaa katika taarifa tunazoletewa. Wenzangu huandika "kuchimba uchafu juu ya mgombea", na wahariri huupitisha. Mimi nikiusoma nasita. Je, umeshakuwa Kiswahili? Kama bado, sisi husemaje pale mtu anapofukunyua siri za mwenzake ili amwangushe?

JIBU: Marahaba. Kusita kwako kuna msingi. Msomaji wa Kiswahili asiyejua Kiingereza akikutana na sentensi hiyo ataona watu wenye majembe, taka, na mgombea aliyelala chini. Maneno yote yaliyomo ni ya kwetu, ila yamepangwa kwa kufuata Kiingereza, na kila moja lina kasoro yake. Tuyachukue moja moja, tukianzia nyuma, maana kasoro kubwa iko mwishoni.

"Juu ya" imezoeleka baada ya vitenzi vya kusema na kufikiri: kuzungumza juu ya elimu, kuandika juu ya ndoa. Wapo wanaopendelea "kuhusu", lakini hakuna anayepotea. Ukiiweka baada ya kitenzi cha kazi ya mikono, mambo hubadilika. Kuchimba, kufagia, kumwaga na kupanga ni vitendo vinavyofanyika mahali, kwa hiyo "juu ya" inarudia maana yake ya asili, yaani upande wa juu wa kitu. Kuchimba juu ya kilima ni kuchimba kileleni. Kuchimba juu ya mgombea basi ni kuchimba wapi?

Kazi ambayo Kiingereza kimeipa "on", Kiswahili kimeipa kauli ya kutendea. Mtu anayelengwa huingia ndani ya kitenzi chenyewe: tafuta huwa tafutia, pekua huwa pekulia, fukua huwa fukulia, chokonoa huwa chokonolea. Angalia "l" inayojitokeza pale shina linapoishia na irabu mbili, na angalia irabu ya kiambishi: ni "i" baada ya a, i na u, na ni "e" baada ya e na o. Ndiyo maana tunasema "wamempekulia" lakini "wamemchokonolea". Hapo mgombea amekwishatajwa, na hakuna "juu ya" wala "kuhusu" inayohitajika.

Kuna tahadhari moja hapa, na ndipo hata wafasiri wazoefu huteleza. Kauli ya kutendea ina pande mbili, ya heri na ya shari. "Wanamtafutia kazi" ni wema. "Wanamtafutia makosa" ni ubaya. Kinachoamua ni neno linalofuata. Sasa chukua "walimfukulia mgombea siri za zamani". Je, walizifukua siri zake, au walimfanyia yeye kazi ya kufukua siri za mwingine? Sentensi inabeba maana zote mbili, na katika habari za kampeni zote mbili zinawezekana, kwa sababu wagombea hukodi watu wa kuwachunguza wapinzani. Dawa yake ni hii: aliyekodi akitajwa, kauli ya kutendea mpe yeye, na anayechunguzwa mfanye mmiliki wa siri. "Mgombea alimlipa mpelelezi amtafutie mabaya ya mpinzani wake." Kama aliyekodi hatajwi, kauli hiyo mwachie anayechunguzwa: "Wamekuwa wakimtafutia mabaya tangu atangaze nia." Usijaribu kuwapa watu wawili kiambishi kimoja.

Tuje kwenye "uchafu". Neno la Kiingereza "dirt" lilitoka katika Kinorse cha kale, "drit", lenye maana ya kinyesi. Baadaye likapanuka likawa udongo, kisha taka, kisha habari ya kumwaibisha mtu. Kwa mzungumzaji wa Kiingereza wa leo, habari hiyo inaweza kuwa kodi isiyolipwa, cheti cha kughushi, kesi ya zamani au mtoto wa nje. Uchafu wetu haukupita njia hiyo. Likitumiwa kwa mwenendo wa mtu, neno uchafu huelekea moja kwa moja kwenye zinaa. Mhubiri akikemea uchafu, waumini wanajua anakemea nini. Ukiandika kwamba gazeti limepata uchafu wa seneta, na habari yenyewe ni hesabu za kampuni yake, umeshamsingizia jambo ambalo gazeti halikulisema. Hilo si kosa la mtindo tu, ni kosa la ukweli.

Kinachovutia ni kwamba picha ya kinyesi cha zamani na sisi tunayo, ila tumeipa kazi iliyo kinyume. Wahenga wamesema "mavi ya kale hayanuki". Mwenendo wa zamani umekwisha kukauka, uache. Pamoja nao upo usemi wa "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Busara iliyomo humu inamtazama mfukuaji kwa jicho baya, na mfasiri anapaswa kuikumbuka: karibu kila neno tulilonalo la kazi hii lina hukumu ndani yake, ama dhidi ya mwenye siri, ama dhidi ya anayeitafuta. Kazi yako ni kuchagua hukumu inayolingana na habari uliyo nayo.

"Kuchimba" ndilo lenye afadhali kati ya hayo matatu, lakini lina mzigo wa aina mbili. Kwanza, likielekezwa kwa binadamu lina harufu ya mtego: "mchimba kisima huingia mwenyewe". Na mtaani Tanzania "kuchimba mkwara" ni kutisha watu. Pili, kuchimba ni kazi tu, si matokeo. Mtu anaweza kuchimba siku nzima asipate kitu. Kiingereza kinatenganisha mambo haya kwa viambata vidogo, "dig for" kwa anayetafuta na "dig up" kwa aliyepata, na mfasiri mwenye haraka huvisawazisha vyote kuwa "chimba". Kiswahili hutenganisha hayohayo kwa mwisho wa kitenzi: chimba ni kazi, chimbua ni kukitoa kitu nje.

Hapo ndipo ufunguo ulipo. Wengi wanapotafsiri usemi huu huhangaika na nomino, wakiuliza "dirt" ni nini kwa Kiswahili. Nguvu ya Kiswahili katika jambo hili iko kwenye kitenzi na viambishi vyake, na mara nyingi nomino haihitajiki kabisa. Tuna kiambishi cha ngeli, "ya-", chenye maana ya mambo yasiyotajwa, na hakuna kinachofaa zaidi kwa siri kuliko neno lisiloitaja. Msikilize mtu yeyote Mombasa, Unguja au Tanga akilalamika: "Wanatafuta yangu." "Amemwanikia yake yote." "Wamefukua yaliyofukiwa." Hakuna uchafu, hakuna siri, hakuna kashfa, na kila msikilizaji ameelewa. Mzungumzaji akitaka kutisha zaidi husema "yake nayajua" na kuishia hapo.

Sasa vitenzi vyenyewe. Wanasarufi huita kauli ya kutendua ule umbo ambamo kiambishi "u" au "o" hupindua maana ya kitenzi: tega na tegua, kunja na kunjua, ziba na zibua, chomeka na chomoa. Kiambishi ni "o" pale tu shina lina "o", kwingine kote ni "u". Maneno makuu ya kufunua siri yamezaliwa humo. Ficha imezaa fichua. Fukia imezaa fukua. Umba imezaa umbua, yaani kuliharibu umbo la mtu mbele za watu. Kila moja hubeba kitendo cha kwanza ndani yake: huwezi kufichua kisichofichwa, wala kufukua kisichofukiwa. Kwa hiyo unapoandika "walifichua", umekiri mambo mawili kwa neno moja: kwamba jambo lipo kweli, na kwamba kuna aliyelificha. Madai ambayo bado hayajathibitishwa hayafichuliwi. Yanadaiwa, yanaibuliwa au, kama ni ya uongo, yanazushwa. Mwanzoni kuzusha kulikuwa kufanya kitu kizuke tu, lakini uzushi leo ni uongo, na ukiandika "gazeti lilizusha habari za waziri" umeliita gazeti hilo lenye uongo.

Tofauti za vitenzi hivi huonekana wazi vikiwekwa katika tukio moja, na lipo tukio la Marekani linaloonyesha karibu zote. Juni 1971 gazeti la New York Times lilianza kuchapisha nyaraka za siri za Wizara ya Ulinzi kuhusu vita vya Vietnam. Aliyezitoa ni Daniel Ellsberg, mchambuzi aliyekuwa amefanya kazi ndani ya mfumo huohuo. Ellsberg hakufukua wala hakupekua. Alikuwa nazo. Kitenzi chake ni kuvujisha nyaraka, au kutoboa siri. Kutoboa ni kwa aliye ndani, anayejua, anayeamua kufungua mdomo. "Siri ya mtungi aijuaye kata", na Ellsberg alikuwa kata.

Ikulu ya Rais Richard Nixon ikaunda kikosi cha siri. Usiku wa tarehe 3 Septemba 1971 watu wake walivunja ofisi ya daktari wa akili aliyekuwa akimtibu Ellsberg, huko Beverly Hills, California, wakitaka faili lake la matibabu ili wapate la kumchafulia jina. Hii ndiyo "digging for dirt" yenyewe, bila pambo. Kwa Kiswahili: walipekua ofisi ya daktari, wakimtafutia Ellsberg ya kumchafua. Kupekua ni kupindua vitu vya mtu kimoja kimoja, na ndiyo maana polisi wanapoingia nyumbani kwa mshukiwa wanafanya upekuzi. Tena hapa huwezi kuandika "walifukua", kwa sababu hawakupata walichokuwa wakikitafuta. Kazi hiyo iliishia kuwageukia: Mei 1973 jaji aliifuta kesi ya Ellsberg kwa sababu ya mienendo hiyo ya serikali. Mchimba kisima wa wahenga anaingia hapa kwa haki kabisa.

Kisha Juni 1972 watu wakakamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate, na waandishi wa gazeti la Washington Post wakafuatilia. Nao walichimba, walichokonoa, waligonga milango ya watu usiku. Lakini hakuna Mswahili makini atakayeandika kwamba walimchimbia Nixon uchafu. Walichunguza, wakafichua. Agosti 1974 Nixon alijiuzulu, na kwake yeye kitenzi ni kimoja: aliumbuka.

Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, jiulize ni nani anayechimba, yuko ndani au nje, na ameshapata au bado anatafuta. Kitenzi kitakuja chenyewe. Akiwa ndani: kutoboa, kuvujisha, au kwa lugha ya mtaani kumwaga mtama, ufupisho wa ile methali ya "penye kuku wengi usimwage mtama". Akiwa nje na bado anatafuta: kupekua, kuchokonoa, kufukunyua, na kuchakura, ambalo ni tendo la kuku anapoparura ardhi kwa makucha akitafuta chakula. Hayo mawili ya mwisho yana dharau, kwa hiyo hayafai kwa tume ya uchunguzi. Akiwa ameshapata: kufukua, kufichua, kuibua, kuanika. Akiwa ameingilia simu au barua pepe: kudukua, na hilo sasa limekubalika hadi katika lugha rasmi.

Kumbuka pia kitenzi kinataka yambwa gani, yaani mtu au kitu gani cha kutendewa. Fichua hutaka jambo: fichua njama, fichua wizi. Umbua hutaka mtu: walimuumbua waziri, si "waliumbua siri za waziri". Anika hukubali vyote viwili, kama nguo zinavyoanikwa juani kila mpita njia azione: walianika siri zake, walimwanika. Fukua hutaka kitu chenye umri. Jambo la wiki iliyopita halifukuliwi, linafichuliwa.

Hili la umri ndilo lililoupa nguvu usemi wa "kufukua makaburi", unaosikika sana Tanzania na ambao ulitajwa mno katika siasa za wakati wa Rais John Magufuli, hoja ikiwa kama viongozi waliopita wachunguzwe au waachwe. Ni usemi mzuri na una uzito, lakini si kisawe cha kila "dig up dirt". Kufukua makaburi ni kurejesha yaliyokwisha kufungwa, hata kama hayakuwahi kuwa siri, na anayeutumia mara nyingi anapinga kufukua huko. Uutumie pale Kiingereza kinapozungumzia dhambi za miaka mingi iliyopita. Usiuchanganye na "kutumbua majipu", maneno ambayo Magufuli aliyatoa bungeni Dodoma tarehe 20 Novemba 2015 akifungua Bunge la Kumi na Moja. Kutumbua jipu ni kumwondoa mhusika. Siri inaweza kuibuliwa na mtu asitumbuliwe kamwe.

Ikibidi uwe na nomino, zipo za kutosha. "Madudu" ni ya hesabu na uendeshaji: ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ikitoka, magazeti ya Tanzania huandika kwamba imeibua madudu. Huwezi kusema mtu ana madudu kwa maana ya mchepuko. "Makandokando" ni ya mtu binafsi, mambo yasiyo safi yanayomfuata: "chama hakitaki mgombea mwenye makandokando". Hili ndilo ningelishauri zaidi kwa habari za wagombea, maana halisemi ni kosa gani, kama "dirt" lisivyosema, na halivuki kwenda kwenye zinaa. Kwa msomaji wa Kenya, ambaye huenda hajalizoea, andika "kasoro zake za zamani" au "siri zake chafu". Kivumishi "chafu" kikifuata siri hakina tatizo la nomino "uchafu". "Uozo" ni wa taasisi. Na inaponuka hata baada ya kusafishwa, wahenga wamekwisha kusema la kuvunda halina ubani.

"Kashfa" inataka uangalifu wa pekee. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kufunua, kwa hiyo kwa asili kashfa ni jambo lililofunuliwa. Lakini kitenzi "kashifu" kimekwenda njia yake: kumkashifu mtu ni kumvunjia heshima kwa maneno, na mahakamani Tanzania kesi ya kashfa ni kesi ya kuharibiwa jina. Kwa hiyo "gazeti lilifichua kashfa ya gavana" linamlaumu gavana, na "gazeti lilimkashifu gavana" linalaumu gazeti. Wafasiri hubadilishana haya kana kwamba ni sawa, na gavana wala gazeti hawatakubali kwamba ni sawa.

Kiingereza kina ndugu wengine wa usemi huu. "Dish the dirt" si kuchimba, ni kusambaza, na kwetu ni kusengenya au umbeya, na likichapishwa ni udaku. Kurushiana tope ni kupakana matope au kuchafuana, na hapo haijalishi kama tope lenyewe ni la kweli. Lipo pia "muckraker", jina ambalo Rais Theodore Roosevelt alilitoa kwa lawama katika hotuba ya tarehe 14 Aprili 1906, akiwalenga waandishi waliokuwa wakifichua maovu ya makampuni na wanasiasa, na ambalo baadaye waandishi wenyewe walilivaa kwa fahari. Usilitafsiri kwa samadi wala reki, ingawa ndizo maana za vipande vyake viwili. Tanzania ni mwandishi wa habari za uchunguzi. Kenya utasikia zaidi mwanahabari mpekuzi, na kipindi cha televisheni cha KTN kilichojulikana zaidi kwa kazi hiyo kilijiita Jicho Pevu, jina ambalo linatosha bila uchafu wowote.

Tumalizie na sentensi za aina unazokutana nazo. Taarifa ikisema wapelelezi walitumwa kutafuta "dirt" kwa mpinzani, andika: "Wapelelezi walitumwa kumtafutia mpinzani makandokando." Ikisema gazeti limeyapata: "Gazeti limeibua makandokando ya mgombea", na kama yamethibitishwa, "limefichua". Ikisema kuna msaidizi wa zamani anayetishia kusema: "Msaidizi wake wa zamani anatishia kumwaga mtama", au katika taarifa rasmi, "anatishia kutoboa siri zake". Ikisema mtu amekodi kampuni, rudi kwenye ile kanuni ya watu wawili: "Amekodi kampuni imtafutie mabaya ya mwenzake." Na mhariri akiirudisha "juu ya mwenzake", mwombe aisome sentensi kwa sauti mbele ya mtu asiyejua Kiingereza, kisha amuulize ameelewa nini.